Maneno 570 na insha ya mwanafunzi wa Ujiji

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Nne wa Ujiji, Kigoma, swali kuhusu kupungua kwa samaki katika Ziwa Tanganyika, na kwa Kiswahili atakueleza mpaka umwombe apumzike. Anajua kwa nini wavuvi wa dagaa hukaa nyumbani usiku wa mbalamwezi. Anakumbuka ziwa lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Amesikia wazee wakilaumu nyavu za kokoro na vijana wakiilaumu serikali. Sasa mwambie ayaandike hayohayo kwa Kiingereza. Utapata hii: “Fishes are decreasing because people are fishing very much.” Baada ya hapo kalamu inasimama.

Dawa iliyozoeleka ni daftari la misamiati migumu. Mwanafunzi anachota “plethora” au “myriad” kwenye kamusi, anakesha akikariri, kisha analipachika neno lake popote penye nafasi. Msahihishaji analikuta limekaa katikati ya sentensi isiyo na kitenzi kamili, na pambo hilo halimsaidii mtu. Kwa maoni yangu kosa linaanzia kwenye uteuzi wa maneno. Yanayobeba hoja ni ya kawaida kuliko tunavyodhani, na yupo aliyekaa akayahesabu. Namna alivyoyahesabu ina faida kwetu kuliko hata orodha aliyoitoa.

Huyo ni Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, aliyechapisha Academic Word List mwaka 2000. Alikusanya matini 414 za kitaaluma zenye jumla ya maneno takriban milioni 3.5, akazigawa katika mafungu manne yanayolingana: sanaa, biashara, sheria na sayansi. Kila fungu lilikuwa na masomo saba, hivyo jumla yake 28. Kwanza aliyaweka kando maneno 2,000 ya kawaida kabisa, kwa kufuata orodha ya mwaka 1953 ya Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengal. Yaliyosalia aliyapitisha kwenye wavu wenye matundu ya saizi mbili. Familia ya neno, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo, ilitakiwa iwe imetokea angalau mara 100 katika mkusanyiko mzima. Tena ilitakiwa itokee angalau mara kumi katika kila fungu kati ya yale manne, na ionekane katika masomo 15 au zaidi.

Sharti hili la pili ndilo lenye akili. Neno “plankton” laweza kujirudia ukurasa baada ya ukurasa kwenye kitabu cha biolojia, lakini mwanasheria hana habari nalo, kwa hiyo linachujwa. “Period”, “income”, “require” na “source” ziko kila mahali, zinabaki. Mwisho wa kazi zilipatikana familia 570 tu, zikapangwa kwenye vifungu kumi, cha kwanza kikiwa na zile zinazotumika zaidi. Familia hizo zilifanya karibu asilimia 10 ya maneno yote ya matini zile. Alipozipima kwenye hadithi za kubuni zenye wingi huohuo wa maneno, zilifika asilimia 1.4 tu.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo walimu huliona kila mwaka. Kijana anayepiga Kiingereza safi na watalii wanaokwenda Gombe anaweza kuduwaa mbele ya insha. Maneno anayodaiwa huko hayasikiki kwenye gati wala ndani ya boti, kwa hiyo lazima yafundishwe kwa makusudi.

Lakini orodha ya Coxhead haikutengenezwa kwa ajili ya Kigoma. Ilitokana na matini za chuo kikuu, na nusu ya matini hizo ni za sheria na biashara. Halafu inachukulia kwamba msomaji ameshayamaliza yale maneno 2,000 ya West, na hapa ndipo penye shida. Mtoto wetu amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, pengine nyumbani kwao wanaongea Kiha, na anafika Kidato cha Kwanza akikuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Asiyejua bado kutumia “increase”, “reduce” na “cause” hana haja ya kuhangaika na “constitute”.

Cha kuiga, basi, ni mbinu. Kila shule ina kabati la pasti pepa za NECTA. Gawa ubao safu nne: Jiografia, Historia, Uraia, Biolojia. Wanafunzi wapekue maswali ya miaka iliyopita, na kila wakikuta neno lisilo la kila siku waliweke alama kwenye safu yake. Lenye alama katika safu tatu linaingia daftarini. Lenye alama moja aachiwe mwalimu wa somo husika. Kompyuta haihitajiki, na wanafunzi wanajifunza kwa kule kutafuta kwenyewe.

Nina hakika yatakayoibuka mapema ni maneno ya kuamuru: “assess”, “analyse”, “justify”, “identify”. Matatu kati ya hayo yamo katika kifungu cha kwanza cha Coxhead, na “justify” limo katika cha tatu. Haya yanastahili kipindi kizima, kwa sababu wanafunzi wetu wamezoea kuulizwa hoja sita, wanatoa hoja sita hata pale swali lilipotaka wapime. Aliyeambiwa “assess” kuhusu kufungwa kwa ziwa anatakiwa aseme faida ilikuwa ipi, nani aliumia, na upande upi una uzito zaidi. Akiorodhesha faida sita na kufunga na “In nutshell”, hajajibu swali, hata kama Kiingereza chake hakina kosa. (Na hiyo “nutshell”, ikibidi itumike, ipewe “a” yake.)

Turudi kwenye sentensi ya samaki. Hatua ya kwanza ni kuinyoosha kwa maneno mepesi: “There are fewer fish in the lake because people catch too many.” Hakuna neno la kitaaluma hata moja, lakini inasimama. Hatua ya pili: “Fish stocks in Lake Tanganyika have declined because of overfishing.” Hapo “stocks” na “overfishing” ni maneno ya somo, Coxhead angeyachuja, ila mtoto wa Kigoma anayahitaji. Hatua ya tatu ndiyo inayozaa insha: “This decline affects the income of women who dry dagaa at Kibirizi.” Kitenzi “decline” kimegeuka nomino, kikashikwa na “this”, na sentensi ya pili imekaa juu ya mgongo wa ya kwanza. Ndiyo maana Coxhead alihesabu familia badala ya neno mojamoja. Mwanafunzi mwenye “analyse” asiye na “analysis” atakwama kila anapotaka kuendelea.

Kuna pia jambo la maneno yanayoandamana. “Discuss about”, “emphasize on” na “despite of” zimejaa kwenye insha zetu, na asili yake ni bayana: mwandishi anafikiri “jadili kuhusu”, “sisitiza juu ya”, “licha ya”. Kamusi haitamwonya. Kwa hiyo neno liandikwe daftarini likiwa ndani ya sentensi, na sentensi hiyo iwe ya ziwa, ya mawese au ya soko la Mwanga, ambayo mwenyewe anaweza kuitetea.

Yote haya hayaondoi haja ya kusoma. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu kwa matini zenye mapengo ya kujaza, na matokeo yakawa ya kusikitisha: sekondari, wengi hawakuwa na Kiingereza cha kufuatia masomo yao. Baadaye, kwa msaada wa Uingereza, vitabu vyepesi vya hadithi viliingizwa mashuleni. Vitabu vya aina hiyo, kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ndivyo vinavyojenga yale maneno 2,000 ya chini. Anayeviruka ili awahi orodha ya kitaaluma anajenga ghorofa bila msingi.

Kwa mtihani wa Kidato cha Nne, familia 60 za kifungu cha kwanza cha Coxhead, zikijumlishwa na zitakazotoka ubaoni, zinatosha kabisa. 510 zilizobaki zisubiri Kidato cha Tano. Walimu wa Kiingereza, msiibebe kazi hii peke yenu. Waiteni wenzenu wa Jiografia na Biolojia, maana nusu ya maneno hayo yanafundishwa, au yanaachwa bila kufundishwa, kwenye vipindi vyao.