Bega Hutazamwa kwa Nyuma

Tangu kipa mmoja wa Mulongwe arudi golini wiki ya pili baada ya bega kuteguka, watu hawaishi kumsifu aliyemtibu. Alivuta mara moja, bega likalia, akapaka dawa ya moto, akabandika mkanda wa rangi. Inaniudhi. Kurudisha bega mahali pake ni mwanzo tu wa tiba, na huyo bwana alivuta bila hata kugusa ngozi ya nje ya mkono, chini kidogo ya bega, kujua kama kijana anahisi. Pakiwa na ganzi, mshipa wa fahamu umeumia. Asiyepima hapo kwanza simwiti kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo.

Bega likisharudi, wengi humwambia kijana ainue mkono, wakatazama umefika wapi. Ukifika sikioni, makofi. Mwambie avue jezi, simama nyuma yake, ukazie macho kombe la bega, tena wakati mkono unashuka. Mwaka 1944 Inman na wenzake walieleza kwamba katika nyuzi 180 za kuinua mkono, kama 60 hutoka kwenye kombe. Kombe likilegea, mkono bado utapanda kwa ujanja: kijana atavuta bega zima hadi shingoni au atapinda kiuno. Katika kushuka ujanja humwishia. Mpe chupa ya maji iliyojaa, ashushe polepole. Kombe zima huteleza huku limelala mbavuni. Bovu hushtuka njiani, ncha yake ya chini ikachomoza mgongoni kama pezi la sangala. Usitosheke na mara moja. Arudie mpaka achoke, maana uchovu ndio unaolifichua. Kipa wa namna hiyo akijirusha, mkono juu na nje, bega linaweza kutoka tena, na kwa mbele, kama yanavyotoka zaidi ya 90 kati ya 100.

Kalundu kulikuwa na kine mzee asiye na mashine hata moja. Alifunga mpira wa tairi la baiskeli kwenye kitasa, akambana mchezaji kitambaa kati ya kiwiko na mbavu, akamwambia avute. Kitambaa kikianguka, hesabu inaanza upya. Viongozi wa timu walimnunia kila mechi kubwa ilipokaribia, hakumwachia mtu. Alipotazama kombe hakusema neno, na mimi hadi leo simwamini kine anayeongea akitazama. Ni kweli vijana wa wakati ule walikuja na migongo iliyokomazwa na makasia na nyavu za ndagala. Kazi yake ilikuwa nusu imeshafanywa na ziwa.

Sasa yuko anayekanda kwa mafuta kila jioni na kulipwa kwa siku. Mgonjwa hulala vizuri usiku ule, na kombe linabaki vilevile.

Wazazi na viongozi wa timu, kuanzia Kavimvira hadi Makobola: kabla hamjalipa, mwambieni kijana avue jezi, nanyi msimame nyuma yake.