Picha Nayo ni Amana



Kuchungulia dirisha la jirani twajua sote kuwa ni haramu. Je, dirisha hilo likiwa ni karatasi iliyopigwa chapa Ulaya, hukumu hubadilika? Maulamaa wamehitilafiana juu ya picha yenyewe, nami siingii humo. Nazungumzia haki ya aliyepigwa.

Wanaga ni watu wa milimani, baina ya Bara Hindi na Burma. Zama za Mwingereza, J. H. Hutton alitoa kitabu juu ya Waangami mwaka 1921, J. P. Mills akafuatia na Walhota mwaka 1922 na Waao mwaka 1926, vyote vina picha. Mabwana hawa walikuwa maofisa. Wao ndio waliohukumu kesi, na serikali yao ndiyo iliyotoza kodi ya nyumba. Basi hakimu akikwambia, "Simama hapa nikupige picha," utamjibu hutaki?

Mwaka 1936 Mills alikwenda Pangsha na askari, akifuatana na Mwaustria, Christoph von Fürer-Haimendorf, na kamera yake. Tuwe waadilifu: watu wa Pangsha walishambulia majirani na kuchukua mateka, na msafara ulikwenda kuwakomboa. Lakini kijiji kilitiwa moto. Mwaka 1939 bwana huyo akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa lugha yetu, ni "Wanaga Walio Uchi". Watu ambao wake zao ni mafundi wa kufuma, ambao shuka ya mtu yaeleza kabila lake na cheo chake, wakatangazwa ulimwenguni kwa uchi! Hapa ndipo ninapoilaumu kazi hii. Kamera ilichukua ilichokiona; aliyedhulumu ni mwenye kuchagua jina.

Ursula Graham Bower, aliyefika huko mwaka 1937, hakwenda kutawala. Alikaa sana na Wazeme, na picha zake zaonesha watu katika shughuli zao za kila siku. Mwenye kukaa na watu huona zaidi ya mkuki na manyoya. Na wajukuu wa Wanaga, ambao wengi wao leo ni Wakristo, huzitazama picha za zamani wakiwatafuta babu zao. Kwa hivyo sisemi zichomwe. Nasema zisomwe kwa adabu.

Sura ya Hujurat yatukataza kudharau watu wengine, kuitana majina ya kejeli na kupelelezana. Usidhani maneno haya ni ya Mzungu peke yake. Ramadhani ikiingia, fakiri husimamishwa na mfuko wa unga mkononi, akapigwa picha kwa simu, na mtaa mzima ukaiona kabla hajafika kwake. Naye pia hawezi kukataa, kwani anayempiga ndiye anayempa.

Kabla hujabonyeza, jiulize: angesimama hapo mama yako, ungependa aonekane hivyo?

Wallahu aalam.