Nuru ya Picha na Giza la Njia ya Tabora

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa nuru na giza, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, mwezi uliopita alinijia hapa Bagamoyo kijana wetu mmoja, mjukuu wa dada yangu, anayesomea kazi ya kupiga picha Dar es Salaam. Baada ya kuniamkia na kunywa kahawa, alifungua bahasha kubwa akatandaza juu ya mkeka picha 19. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na zote amezipiga usiku au karibu na alfajiri, mjini Tabora na katika njia ya zamani iendayo Ujiji. Akasema, "Babu, niambie kweli, usinisifu." Basi nilimwambia. Na niliyomwambia nimeona niyaandike, kwa kuwa yanatugusa sote tuliozaliwa katika nyumba za pwani.

Najua wapo watakaosema: mzee wa chuo ana nini na picha? Ni swali la haki. Mimi nimelelewa na mwalimu aliyekataa kabisa picha ya kiumbe mwenye roho, kwa hadithi zinazojulikana katika mlango huo. Siku alipotaka kwenda Hija ilimbidi akae mbele ya kamera kwa ajili ya pasipoti, akarudi nyumbani kimya. Wapo wanavyuoni wanaokataza mpaka leo. Na wapo walioruhusu: Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akieleza kuwa kamera haiumbi kitu, bali inazuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Kila mmoja ana mwanachuoni anayemfuata, nami sikukaa hapa kutoa fatwa. Ninauliza jambo jingine: mtu akishakizuia kivuli cha mwenziwe, ana deni gani kwake?

Elimu yenyewe si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Misri, ndiye aliyethibitisha kuwa jicho halitoi nuru, bali nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Alifanya majaribio kwa chumba cha giza chenye tundu dogo, akaandika namna sura ya jua lililopatwa inavyojichora humo. Kamera ya kijana huyu, ingawa haina tena filamu, ni chumba kile kile cha giza na tundu lake. Na katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu ametupigia mfano kwa shubaka, taa na kioo, vitu ambavyo babu zetu walikuwa navyo ndani ya kuta zao za mawe. Kwa hiyo anayejifunza nuru anajifunza jambo zito, na kazi yake ipimwe kwa uzito huo.

Sasa nizitaje picha. Iliyo bora kupita zote ni ya mikono ya bibi mmoja akichambua karanga mbele ya kibatari. Uso hauonekani. Nuru imegusa vidole na maganda tu, na giza lililobaki limemsitiri kama buibui. Nilimwuliza kijana, akasema bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Mikono piga, uso niachie." Huo ndio ustadi wenye adabu. Nyingine nzuri ni ya miembe iliyopangana, kaiangaza kwa taa ya mkono kutoka nyuma, majani yakatoka meupe kama ya fedha. Anayeijua Tabora anaijua miembe ile. Wazee husimulia kuwa ilimea kwa kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Mimi nilisomesha huko miaka miwili nilipokuwa kijana, na nilipoiona picha hiyo nilikumbuka harufu ya asali na moshi wa tumbaku.

Lakini picha aliyoipenda yeye kuliko zote ndiyo iliyonisumbua. Ni ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako Stanley alikaa mwaka 1871 na Livingstone mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Ukuta umesimama kimya, nyota zimetapakaa juu, na mbele ya nyumba umepita mstari mwembamba wa nuru, kama uzi. Nikamwuliza, "Uzi huu ni nini?" Akajibu, "Babu, alipita mtu na baiskeli, kabeba mkaa. Kilango cha kamera kilikuwa wazi sekunde thelathini. Yeye hakusimama, kwa hiyo kamera haikumpata. Imebaki taa yake tu." Akafurahi, kwa kuwa uzi ule umeipendeza picha.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo tabia ya picha ya usiku. Nuru ni chache, lazima kamera ingoje, na katika kungoja huko kilichosimama hubaki na kinachopita hufutika. Haikuanza leo. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya barabara kubwa ya Paris mchana kweupe, na kwa kuwa sahani za wakati ule zilitaka dakika kadhaa, watu na magari yote yalipotea. Akaonekana mtu mmoja tu, aliyesimama kung'arishiwa viatu. Yule anayeng'arisha huonekana kwa shida.

Basi itazame njia yetu kwa jicho hilo. Kutoka hapa Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na Tabora ndiyo iliyokuwa fundo lake. Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857 walikuta Waarabu wamekwisha kujenga, wakakaribishwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Pembe na watumwa walishuka kwa njia hiyo, nguo na shanga na bunduki zikapanda. Wengi wa waliobeba walikuwa Wanyamwezi wa kuajiriwa, watu wenye kazi yao na fahari yao, na si haki kuwaita wote watumwa. Lakini watumwa walikuwapo, na walikuwa wengi. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huku Tanganyika utumwa haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1922. Katika njia yote hiyo kilichosimama ni tembe, msikiti, ngome na mwembe. Waliopita wamefutika. Na kijana wetu, bila ya kukusudia, ameipiga historia hiyo hiyo mara ya pili: nyumba ya mabwana imetoka wazi, na mchukuzi wa leo amekuwa uzi.

Wala sikumlaumu peke yake. Sura ya Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yaani Tippu Tip, tunaijua, na maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa Zanzibar mwaka 1905. Lakini wachukuzi wake ni nani? Abdullah Susi na James Chuma, walioongoza kazi ya kuibeba maiti ya Livingstone kupitia Unyanyembe hadi hapa Bagamoyo, ikafika Februari 1874, nyuso zao zipo kwa sababu walipelekwa Uingereza mwaka huo wakapigwa picha huko. Wageni wamewaweka wawili. Sisi wenyeji tumeweka wangapi? Methali yetu husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Ulimi wetu umemkumbuka mchukuzi, kuta za nyumba zetu hazikumkumbuka.

Na hapa ndipo kijana aliponishinda. Ukumbini kwangu imetundikwa picha ya babu wa baba yangu, iliyopigwa zamani Unguja. Amekaa kitini, kanzu nyeupe, joho, bakora mkononi. Nyuma yake wamesimama watu wawili. Tangu utotoni nimekuwa nikipita mbele ya picha hiyo kila siku. Kijana akaisogelea, akaniuliza, "Babu, hawa wa nyuma ni nani?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza mambo ya ufundi ambayo sikuyajua. Sahani za kioo za enzi zile ziliona vizuri rangi ya samawati lakini hazikuiona nyekundu, kwa hiyo ngozi ya hudhurungi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Tena mpiga picha akipima nuru kwa ajili ya kanzu nyeupe, isije ikaungua, nyuso nyeusi zilizo kivulini huzama. Kanzu ya mzee wetu imetoka kila mkunjo. Nyuso za wale wawili ni madoa. Nikamwambia, "Basi mwanangu, unajua zaidi kuliko mimi, na hoja juu yako ni kubwa zaidi." Anayedhani kuwa picha isiyo na rangi haina upande amekosea. Aliyeishika kamera ndiye aliyechagua nani apimiwe nuru.

Hukumu yangu juu ya kazi yake ni hii. Mkono anao, na subira ya kukaa usiku wa baridi wa Tabora anayo. Ila amelipenda giza kwa uzuri wake tu, na katika njia ile giza si pambo. Picha nane kati ya 19 ni magofu na nyota, na mtu asiyejua atadhani ni nchi isiyokuwa na watu. Tena picha mbili amewapiga watu uani kwao kutoka mbali, bila ya ruhusa, kwa kuwa usiku haukumfichua. Hiyo ni katika upelelezi uliokatazwa katika Suratul-Hujurat, nami nimemwomba azifute. Yule bibi wa karanga anatosha kuwa mwalimu wake: aliulizwa, akaruhusu, akaweka mpaka wake, na picha ikawa bora kwa sababu ya mpaka huo.

Nimemshauri arudi Kwihara. Amngoje mtu wa mkaa, amtolee salamu, amwombe asimame sekunde hizo thelathini ikiwa anaridhia, apimiwe nuru yeye kwanza na ukuta baadaye, na jina lake liandikwe. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema picha hiyo huenda isiwe nzuri kama ile. Nikamwambia huenda.

Nami nilikuwa na deni langu. Nilikwenda kwa shangazi yangu, mkubwa wa ukoo wetu aliyebaki hai, nikambebea picha ya ukumbini. Aliitazama muda mrefu. Jina la mmoja alilisikia kwa mama yake, la wa pili halikumjia. Akasema, "Walikuwa wakisali naye safu moja, bega kwa bega." Kwenye sala bega kwa bega, kwenye picha nyuma ya kiti. Jina hilo moja nimeliandika kwa wino nyuma ya picha, na wote wawili nimewasomea Fatiha. Nawe, ndugu yangu, itazame ya kwenu iliyo ukutani, na waulize wazee maadamu wapo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliopita katika njia ile, wenye majina na wasio na majina kwetu, kwani Kwake Yeye hakuna aliyefutika. Atupe macho ya kuwaona wapitao leo. Amin.