Sungura na Mlima wa Maji: Uchambuzi wa Michezo Ibadilishwayo katika Bustani za Starehe

Miongoni mwa sanaa zilizokomaa katika karne ya ishirini ipo moja ambayo wachambuzi wa fasihi wameipita pasipo kuitazama, nayo ni sanaa ya bustani kubwa za starehe, ambamo mtu hupanda mashua au kigari akapitishwa mbele ya sanamu zisemazo na kuimba, hata afikapo mwisho wa safari awe amekwisha kusimuliwa kisa kizima. Sababu ya kupitwa kwake si ngumu kuitambua: kazi hizi huhesabiwa kuwa biashara na furaha ya watoto. Walakini kisa ni kisa, kiwe kimeandikwa kitabuni, kimetambwa jioni penye moto, au kimejengwa kwa mbao, maji na mitambo. Na penye kisa ipo haki ya kuuliza kimetoka wapi, kimebadilishwa na nani, na katika kubadilishwa kimepata nini na kimepotewa na nini. Katika uchambuzi huu neno mchezo litatumika kwa maana ya chombo cha kupandwa pamoja na mandhari, sauti na kisa kilichomo.

Bustani ya namna hii haina budi kubadilika. Walt Disney, aliyefungua Disneyland huko California mwaka 1955, alipata kusema kwamba bustani yake haitakamilika kamwe. Ardhi ina mpaka, mitambo huchakaa, na watu wapendao jipya ni wengi. Lakini watu hao hao, wakisafiri na watoto wao baada ya miaka ishirini, hutaka kuwaonyesha kile walichokiona wao walipokuwa wadogo. Mwenye bustani husimama kati ya matakwa hayo mawili, na tabia yake hujulikana kwa njia aichaguayo. Njia zenyewe ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuhifadhi. Bustani ya Tivoli, iliyo katikati ya mji wa Copenhagen, Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843, na reli yake ya mbao ipandayo na kushuka, iitwayo Rutschebanen, imekuwapo tangu mwaka 1914. Hata leo garimoshi lake dogo haliondoki pasipo mshika breki kuketi humo humo pamoja na abiria, akilizuia kwa mkono wake penye miteremko. Mchezo huo hauna kisa kirefu cha kusimulia; umri wake ndio kisa chake. Bibi na mjukuu wake wakiupanda pamoja, huwa wamepanda kitu kimoja, wala hapana haja ya mmoja kumweleza mwenziwe jinsi mambo yalivyokuwa zamani.

Njia ya pili ni kuvunja chombo na kubakiza roho. Bustani ya Efteling, nchini Uholanzi, iliyoanza mwaka 1952 kwa msitu wa hadithi uliobuniwa na mchoraji Anton Pieck, ilikuwa na jumba la mizuka liitwalo Spookslot tangu mwaka 1978. Watazamaji walisimama wakaangalia makaburi yakifunguka na mizuka ikicheza kwa muziki wa Camille Saint-Saëns, Danse Macabre, uliotungwa mwaka 1874. Jumba hilo lilifungwa mwaka 2022 likabomolewa. Mahali pake, mwezi wa Oktoba 2024, palifunguliwa mchezo mpya ambamo watu huketi juu ya jukwaa kubwa la duara lizungukalo na kuinama. Mtambo ni mwingine na jengo ni jingine, lakini muziki ni ule ule, na jina la muziki huo ndilo lililofanywa jina la mchezo. Hivyo ndivyo afanyavyo mtambaji hodari arithipo ngano kwa nyanya yake: hubadilisha maneno, lakini wimbo wa katikati ya ngano hauachi, maana ajua kwamba wasikilizaji wanaungoja.

Njia ya tatu ni kinyume cha ya pili: kubakiza chombo na kutoa roho. Pengine njia hii hutumiwa kwa haki kamili. Efteling hiyo hiyo ilikuwa na mchezo ulioitwa Monsieur Cannibale, uliofunguliwa mwaka 1988, ambamo watu walizungushwa ndani ya vyungu vya kupikia, na katikati alisimama mpishi mweusi aliyechorwa kwa dhihaka ile ya kale ya Mwafrika mla watu. Mwaka 2021 vyungu viligeuzwa kuwa vyombo vya baharini, na mchezo ukawa safari ya Sindibadi katika dhoruba. Hapo hapana cha kulilia. Dhihaka ndiyo iliyokuwa kisa chenyewe, na ilipoondolewa hapakuondoka kitu chenye thamani.

Swali gumu huja pale ambapo dhihaka na thamani zimefungwa katika kitita kimoja. Mfano ulio mkubwa kupita yote ni ule wa Splash Mountain, na kwa msomaji wa Kiswahili mfano huo si wa kigeni, kwa kuwa aliyekaa ndani ya mlima ule alikuwa Sungura.

Mchezo huo ulifunguliwa Disneyland mwaka 1989, kisha Tokyo na Florida mwaka 1992. Abiria walipanda mashua iliyochongwa mfano wa gogo, wakapita mtoni wakimwangalia Brer Rabbit, yaani Sungura, akiacha kwao kwenda kutafuta raha, huku Mbweha na Dubu wakimvizia. Mwishowe hunaswa. Akiwa karibu kuliwa humsihi Mbweha amtendee lolote apendalo, bali asimtupe katika kichaka cha miiba. Mbweha humtupa huko huko, na miibani ndiko alikozaliwa Sungura. Papo hapo mashua ya abiria ilianguka futi zipatazo 50 katika miiba. Anguko lile halikuwa tishio tupu la mwili; lilikuwa hila yenyewe. Abiria alitupwa pamoja na Sungura, akaogopa kama Mbweha alivyotumaini aogope, na alipofika chini akajiona yu nyumbani na yu salama. Ni nadra katika sanaa hii kwa tendo la mtambo na maana ya kisa kuwa kitu kimoja namna hiyo.

Nasaba ya kisa hicho yafaa ifuatwe hatua kwa hatua. Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti wa huko Atlanta, alichapa kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizi mwaka 1880. Alikuwa amezisikia ujanani mwake kutoka vinywani mwa watumwa katika shamba la Georgia. Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana juu ya asili ya baadhi yake, na wapo waliotafuta chimbuko la kisa cha sanamu ya lami huko Bara Hindi. Hata hivyo, mtu aliyekulia Afrika ya Mashariki hahitaji kuongozwa kwa mkono. Amekwisha kusikia jinsi wanyama walivyochimba kisima, Sungura akakataa kuchimba, akawa akinywa kwa hila, hata akanaswa kwa ulimbo uliopakwa mgongoni mwa Kobe. Na katika hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, miaka kumi kabla ya kitabu cha Harris, Sungura yumo, tena yumo akimchezea Simba.

Harris hakuziacha hadithi ziende peke yao. Aliziweka kinywani mwa mzee aliyembuni mwenyewe, Uncle Remus, mtumwa wa zamani aliyeridhika na hali yake, azitambaye kumfurahisha mtoto wa kizungu. Usemi wa mzee aliuandika kwa tahajia ya pekee ili matamshi yaonekane. Kwa mtaalamu wa lugha tahajia hiyo ina faida na ina madhara: yahifadhi sauti nyingi ambazo zingalipotea, lakini humfanya msemaji aonekane hajui kusema, hali yule mtoto, ambaye naye hatamki kila herufi, huandikwa kwa tahajia ya vitabu. Hivyo ngano zilizotungwa na wanyonge ili kukumbushana kwamba akili yaweza kuishinda nguvu, ziligeuzwa kuwa burudani nyumbani kwa mwenye nguvu.

Filamu ya Disney iitwayo Song of the South, ya mwaka 1946, ilikichukua kisa pamoja na fremu hiyo, nayo ikaing'arisha. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipinga picha ile ya maisha ya shambani mwaka ule ule. Kampuni iliirudisha filamu katika majumba ya sinema ya Marekani kwa mara ya mwisho mwaka 1986, na huko haijapata kuiuza kwa watu kuitazama nyumbani. Miaka mitatu tu baadaye kisa kile kile kilifunguliwa mlimani. Wajenzi walijua wanashika kitu chenye moto: Uncle Remus hawakumtia, usimulizi wakampa Chura, na sanamu ya lami, ambayo jina lake lilikuwa limekwisha kuwa tusi, wakaibadilisha kwa mzinga wa nyuki na asali. Yaani mlima wa 1989 ulikuwa tayari ni nakala iliyosahihishwa. Hata sanamu nyingi za wanyama zilizoimba katika mlima wa California zilikuwa zimetolewa katika mchezo mwingine, America Sings, uliokuwapo tangu 1974 hata 1988. Basi waliolia baadaye kwamba mchezo wa asili unaharibiwa walisahau kwamba wao wenyewe walilelewa na nakala iliyojengwa kwa mabaki ya kazi nyingine.

Mwezi wa Juni 2020, Marekani ilipokuwa katika maandamano makubwa ya kudai haki za watu weusi, kampuni ilitangaza kwamba kisa kitatolewa. Milima ya Florida na California ilifungwa mwaka 2023, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa jina la Tiana's Bayou Adventure. Mto ni ule ule na anguko ni lile lile. Kisa ndicho kipya: Tiana, shujaa wa filamu ya mwaka 2009 na binti wa kifalme wa kwanza mweusi katika filamu za Disney, anatayarisha sherehe ya Mardi Gras huko New Orleans na amekosa wapiga muziki. Abiria huwatafuta pamoja naye kinamasini; huko wanyama ndio wapigaji. Mama Odie kwa uganga wake huwafanya abiria wawe wadogo kama vyura, kisha, penye anguko, huwarudishia kimo chao wakaingia katika sherehe.

Yapaswa kusifiwa yaliyo ya kusifiwa. Tiana ni mwanamke afanyaye kazi, mwenye biashara yake, wala hamtumbuizi mtoto wa bwana yeyote. Muziki wa mchezo ni muziki wa kweli wa Louisiana. Mtoto mweusi aingiapo mlimani leo hukuta mwenye mji aliyefanana naye, na jambo hilo si dogo. Lakini kwa upande wa usimulizi pana upungufu usiofichika. Hapana adui, hapana hatari, wala hapana hila. Wapigaji walikosekana, wakapatikana. Anguko limebaki kwa sababu mlima ulikuwa nalo, si kwa sababu kisa kinalidai. Uganga wa Mama Odie ni kiraka kilichoshonwa mahali palipotoboka.

Tena lipo jambo zito kuliko hilo. Filamu iliyomzaa Tiana inatokana na kisa cha binti wa mfalme na chura, ambacho ni hadithi maarufu ya Ulaya. Basi katika kuondoa aibu ya Uncle Remus, bustani ilimtoa mhusika aliyevukishwa bahari katika vifua vya watumwa, akapokewa na watoto wao na wajukuu wao, ikamweka mahali pake shujaa mweusi ndani ya kisa kilichoazimwa Ulaya. Uso umekuwa wa watu weusi. Urithi wao umetolewa nje. Kosa halikuwa la Sungura. Kosa lilikuwa la fremu, na waliosawiri fremu hiyo hawakuwa wale waliotunga ngano. Katika Monsieur Cannibale dhihaka na kisa vilikuwa kitu kimoja, vikastahili kuondoka pamoja. Katika Splash Mountain vilikuwa viwili, na mwenye bustani hakuvitenganisha.

Huenda ikajibiwa kwamba kuvitenganisha kusingewezekana, kwa kuwa nyimbo, majina na sura za wanyama vyote vilitoka katika filamu, na kila aliyemwona Sungura alikumbuka filamu. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mwisho. Watoto wengi wa baada ya 1989 walimjua Sungura kwa mlima tu, wala filamu hawakupata kuiona. Na Efteling imeonyesha kwamba jengo laweza kubomolewa hata msingi, nao wimbo ukabaki. Ingaliwezekana kuacha sura na nyimbo za filamu, kuwaita watambaji walio wazao wa wenye ngano, na kumwambia abiria wazi tangu mlangoni kwamba Sungura huyu ametoka Afrika na kwamba waliomleta walikuwa watu waliofungwa. Anguko la miibani lingalipata maana iliyo kuu kuliko zamani.

Leo, kati ya milima ile mitatu, ule wa Tokyo peke yake ndio uliobaki na kisa cha zamani. Sungura wa watumwa wa Georgia anatupwa miibani kila siku katika nchi ambayo haikumjua kwa asili, na katika nchi walikoishi na kufa waliomlea, mlima wake una mwenyeji mwingine. Kwa wakusanyao ngano, funzo ni la kazi ya kila siku. Ngano ichapwayo pasipo jina la mtambaji, mahali pake na hali yake, huachwa bila mwenyewe, na yeyote aweza kuivika msimulizi wa kubuni. Siku msimulizi huyo atakapoonekana kuwa aibu, hatapatikana shahidi wa kusema kwamba ngano ilikuwapo kabla yake, na wote wawili watatolewa kwa mlango mmoja.