Maelekezo ya Daraja kwa Kiswahili: kosa halikuwa pale nilipolitarajia

Mwezi jana, kijana niliyewahi kumfundisha Kiswahili alinijia nyumbani hapa Kakamega na tarakilishi yake kwapani. Siku hizi ni mwanaprogramu, ana kijiofisi Lurambi, si mbali na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. "Mwalimu, nisahihishie Kiswahili tu," akasema. Alikuwa ameunda tovuti ya maelekezo kwa vijana wanaotaka kuunganisha programu za madukani na M-Pesa kupitia Daraja, API ambayo Safaricom iliizindua mwaka wa 2017.

Kwa asiyeifahamu, API ni utaratibu unaoiwezesha programu moja kuiomba nyingine huduma. Programu ya duka hutuma ombi, simu ya mteja ikamtaka atie nambari ya siri, pesa zikaenda. Maelekezo humwonyesha msanidi jinsi ya kuliandika ombi hilo. Kejeli ni kwamba Daraja ni jina la Kiswahili, ilhali maelezo yake rasmi ni ya Kiingereza. Kwa hiyo niliisifu nia ya kijana kabla ya kuikosoa kazi.

Na kazi, jamani, ilikuwa kichwa chini miguu juu. Alikuwa ametafsiri majina yanayosomwa na mashine: 'PhoneNumber' ikawa 'NambariYaSimu', 'Amount' ikawa 'Kiasi'. Mashine ya upande wa pili haikijui 'Kiasi'. Italikataa ombi, na atakayenakili mfano huo atakesha akitafuta kosa lisilo lake.

Palipohitaji Kiswahili, hakugusa. Tovuti aliijenga kwa Docusaurus, na katika faili lake la mipangilio, docusaurus.config.js, mstari wa defaultLocale ulisalia 'en'. Herufi mbili tu, utasema. Lakini ndizo zinazoutangaza ukurasa kuwa wa lugha gani, na programu inayowasomea wasioona huzitegemea kuchagua sauti. Tuliiwasha kwenye simu yake. "Weka kiasi cha pesa" ilisomwa Kizungu, nisitambue hata neno. Dawa ni kuandika 'sw'.

Dawa hiyo haitoshi, kwani vitufe vya 'Next' na 'Previous' havijitafsiri. Docusaurus ina amri ya write-translations inayokusanya maneno kama hayo kwenye faili ili uyajaze mwenyewe. Hapo ndipo tulipozozana. Yeye alitaka 'Next' iwe "Ifuatayo". Ifuatayo ipi? Sura ni ifuatayo, somo ni lifuatalo, ukurasa ni ufuatao. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo waliounda kitufe hicho hawakuwa na haja ya kutaja nomino. Nikapendekeza "Endelea". Akanikumbusha kwamba katika programu za malipo, "Endelea" mara nyingi ndicho kitufe cha kukubali kutoa pesa. Ana hoja. Tulikubaliana "Ukurasa ufuatao", ingawa ni refu kwa simu ndogo.

Lililonikera zaidi lilikuwa msamiati. API aliiita "kiolesura cha programu tumizi" kila mahali, hadi sentensi zikakosa pumzi. Ningeieleza mara moja, kisha niandike API kama wanavyosema wenyewe kule kazini. Halafu nikakumbana na hii: "Ingiza nambari ya rununu katika umbizo stahiki." Umbizo stahiki ni lipi? Daraja hutaka nambari inayoanza na 254, na sisi sote tumezoea kuandika 07. Msomaji alihitaji kuambiwa hivi: "Andika 254, kisha tarakimu tisa zilizobaki, usianze na 0 wala alama ya kujumlisha." Sentensi sanifu isiyomwambia mtu kitu ni hasara, hata ikipata alama zote za sarufi.

Hiyo aliibadilisha papo hapo. "Kiolesura" amekataa katakata kukiondoa, ati ni mimi niliyemfundisha.