Anayelia, Anapumua

Ajali ikitokea Mikese, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam, majeruhi wengi hukimbizwa mjini Morogoro, mwendo wa kilomita 30 hivi. Wengine huja kwa gari la wagonjwa, wengine kwa Noah ya msamaria, na mara nyingi hufika kwa mkupuo. Daktari wa dharura haanzi na kisu wala sindano. Huanza na macho.

Nimemtazama mmoja akiwa kazini. Mama aliyekuwa akipiga kelele alimpita, kwa sababu anayelia anapumua. Alikwenda kwa kijana aliyenyamaza. Akainama, sikio karibu na mdomo, macho kifuani: hewa inapita? Kifua kinapanda pande zote mbili? Akabonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, akauachia, akahesabu. Damu ikiwa ya kutosha, wekundu hurudi ndani ya sekunde 2. Huu ulichelewa. Vidole viwili shingoni: mapigo ya mbio, tena dhaifu.

“Sista, shuka.”

Wakalipitisha chini ya nyonga, usawa wa maungio ya mapaja, si kiunoni, wakalivuta kwa pamoja na kulifunga. Nyonga iliyovunjika huweza kumeza lita kadhaa za damu, na nje lisionekane hata tone.

Ikabaki damu ya kundi O, chupa moja, na wanaoihitaji wawili. Yule mama alikuwa na jeraha kubwa pajani. Daktari alilichunguza bila pupa, kisha chupa akampa kijana. Damu ya mama ilizuilika kwa mkono wa muuguzi na bandeji. Ya kijana ilivujia ndani, ikisubiri chumba cha upasuaji.

“Mama, vumilia, narudi.”

Na kweli alirudi, mara kwa mara. Kila mara aligusa mapigo ya mguu, akakagua bandeji, akapima presha, akaandika saa. Hapo ndipo nilipomvulia kofia: aliyemwambia asubiri hakumsahau hata kidogo.

Fani hii bado changa nchini. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Wataalamu wanaongezeka, lakini chupa ile ya pili hawawezi kuitengeneza. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia damu kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Nenda kachangie.