Hela Si Yangu

Kijana akifika kuomba kazi, yule mama hamuulizi cheti. Anaitikia shikamoo, anamuuliza kama amekula, kisha anachomoa noti ya elfu kumi mkobani. "Hebu mwanangu, kanichenjie hii." Halafu anarudia chai yake kana kwamba ameshamsahau.

Asiyeijua Kariakoo ataona ametumwa kitu kidogo. Lakini Mtaa wa Tandamti asubuhi, kabla mauzo hayajachanganya, hela ndogondogo ni mali. Mwenye duka anazificha kwa ajili ya wateja wake mwenyewe, hampi mpita njia. Kwa hiyo kijana anatoka na noti mkononi na shida kichwani. Ataingia duka lipi kwanza? Atasalimu kabla ya kuomba, au ataunyoosha mkono tu? Akikataliwa mara mbili atarudi, au atasonga mbele? Na akizipata, atazihesabu kwenye kiganja cha mama moja moja, au atamkabidhi bunda? Nilikuwepo mmoja aliporudi baada ya dakika kama ishirini, jasho linamchuruzika. "Wa kwanza kakataa, mama. Wa pili kataka ninunue maji kwanza ndiyo anichenjie. Nikamwambia siwezi, hela si yangu." Mama hakusema kitu. Alivuta kauntabuku yake ya kwaya mbili, akaandika.

Mimi nami nakula kwa kazi hiyohiyo, ila yangu ina kiyoyozi. Miaka mingi nimeyatafutia makampuni watu, nikipita kwenye mafaili ya wasifu mpaka macho yanauma. Kwa yule mama nilikwenda mara ya kwanza kwa udadisi. Siku hizi nakwenda kama mwanafunzi. Hana ofisi. Ana kiti cha plastiki kwenye baraza la fremu ya mashuka ya mwanawe, na ana ile miaka aliyouza vitenge kwenye duka la watu, akiwaona wauzaji wenzake wakija na kuondoka hadi akaanza kujua mapema nani atakaa. Mabosi wakagundua kwamba habahatishi. Wakaanza kumpitia: "Mama, nitafutie kijana." Ikawa ndiyo kazi.

Kauntabuku yenyewe haina umri wa mtu wala shule aliyosoma. Ina tabia. "Ana mdomo, mkono mzito." "Anajua saizi kwa macho." "Mpole, asikae mlangoni, akae stoo." "Anamjibu mteja macho yakiwa kwenye simu." Kando ya kila jina kuna jina la aliyemleta, maana Kariakoo mtu haji peke yake; ana mdhamini, na mdhamini naye anakumbukwa. Mjomba aliyewahi kuleta vijana wawili wezi, wa tatu hasikilizwi hata awe malaika. Nilimwambia hapo anamuonea yule wa tatu. Alikubali bila kubisha. "Namuonea, ndiyo. Lakini akiharibu, bosi hamtafuti mjomba. Ananitafuta mimi."

Ninachomhusudu zaidi ni namna anavyomsaili bosi. Sisi wa ofisini tukiletewa maelezo ya nafasi tunashukuru na kukimbilia kutangaza. Yeye anaanza na aliyeondoka. Kwa nini kaondoka? Bosi akisema alikuwa mwizi, mama anauliza aliiba nini, alijulikanaje, na hesabu ya jioni ilikuwa inafungwa na nani. Kisha linakuja swali lake la siku zote: mchana anakula saa ngapi, na hela ya kula inatoka wapi? Kijana akiachiwa droo ya mauzo kutwa nzima na tumbo tupu, mama anasema huyo ameshafundishwa kuchukua, bado kuchukua tu. Mwenye duka moja la vyombo alimwomba kijana wa nne ndani ya miezi mitano. Mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamnyima. Miezi mitano ile iliniuma sikio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, na wapo mabosi wanaoijua hesabu hiyo kuliko hesabu za duka lao. Mama hajaifungua sheria hiyo. Ameiona ikitembea kwenye kauntabuku.

Ada yake anaidai kwa bosi, kwa kijana hachukui hata mia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka hivyohivyo kwa mawakala binafsi wa ajira, lakini yeye sababu yake ni fupi: "Kijana akinilipa, nitampeleka popote ili mradi nimekula."

Na mtaa wenyewe una historia chungu ya kutafuta watu. Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa kwa ulimi wa hapa, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Wapagazi walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, na kilichotazamwa kwao kilikuwa mabega. Walikufa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hata majina hayakuandikwa. Mimi nikiiona kauntabuku imefunguliwa pale barazani, nalikumbuka hilo.

Siku moja nilimpelekea kilio changu. Kampuni moja niliyoitumikia ilinituma nitafute mkuu wa mauzo, nikampata mwenye wasifu wa kurasa sita. Usaili aliung'arisha, meza nzima ikatabasamu. Ndani ya miezi mitatu watu wake wote walikuwa wanamkimbia. Mama aliniuliza kitu kimoja: "Ulimwona siku ya mzigo?"

Siku ya mzigo ni siku kontena linaposhushwa. Malori yameziba barabara, makuli wanapiga kelele kuomba njia, mteja wa Lubumbashi anataka mali yake ipakiwe kabla ya jioni, na katikati ya vumbi mmoja amehesabu maroboto kumi na nane, mwingine kumi na tisa. Hapo ndipo anapojulikana anayeweza kusema "nimekosea mimi", na anayetafuta wa kumtwisha. Kwa hiyo mama akimpeleka kijana kwa majaribio, anaomba aanze siku hiyo. Sina kontena ofisini, lakini tangu hapo nimekuwa nikiwaomba wasailiwa waje tufanye kazi pamoja nusu siku, tena siku ya mwisho wa mwezi, ripoti zinapogongana.

Simpambi. Njia yake ina mipaka, na anaijua. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikipata maombi ya maelfu kwa nafasi chache, haiwezi kumtuma kila mmoja chenji. Mtihani wa maandishi una heshima yake, hasa kwa mtoto wa mkulima asiye na mjomba mjini. Mfumo wa wadhamini unamfungia huyo nje. Mama amemtobolea kijitundu: mgeni asiye na mtu anaanzia palepale kwenye mashuka, wiki mbili, anakunja na kufunga mbele ya macho yake, hela ya kula inatoka fremu ile. Akitoka hapo mdhamini wake ni mama mwenyewe. Kwa mwaka ni wachache tu.

Juzi jioni, maduka yakianza kushusha mageti, alinichukua tukapita Mtaa wa Kongo. Yule wa hela si yangu alikuwa na wiki ya tatu kwenye duka la mashati. Tulisimama upande wa pili, nyuma ya machinga wa soksi. Mteja alikuwa amefunuliwa mashati karibu yote na sasa anaondoka mikono mitupu. Kijana alimwambia, "Karibu tena dada," akaanza kuyakunja, kola juu, bila kusonya.

Mama akavuka. Alichagua pini ya ushungi ambayo najua haihitaji, akatoa noti. Kijana akamwamkia, akamrudishia chenji, akimhesabia kiganjani.

"Unakula mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Saa ngapi?"

Kijana alichelewa kujibu. Mama akaifunga chenji kwenye pindo la khanga, akampita, akaingia ndani kumtafuta bosi.